Akiba ya vifurushi ni nzuri, ila huoza

Kwa mtu wa Mbeya kifurushi ni vitu viwili, na kazi ya kujenga imeji inavikutanisha. Kuna kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwenye simu, na kuna kifurushi cha programu, yaani faili la .deb ambalo Debian au Ubuntu, mifumo endeshi ya Linux, huvuta kila unapojenga imeji, yaani nakala kamili ya mfumo iliyo tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Wanaotetea akiba ya ndani, yaani seva iliyo chumbani inayotunza vifurushi vilivyokwishapakuliwa, wanasema cha pili kisile cha kwanza. Wanaoipinga wanasema ni seva nyingine ya kulea bure. Kila upande una ukweli wake, lakini si kwa mazingira yaleyale.

Tuanze na hesabu. Karakana ya chuo, tuseme Uyole, inatayarisha imeji ya Debian yenye XFCE (eneokazi jepesi) na LibreOffice kwa kompyuta 20. Tukadirie vifurushi vyake ni GB 1.5. Imeji haitulii mara ya kwanza: leo imesahaulika drajva ya WiFi, kesho kibodi, keshokutwa diski haitoshi. Ikijengwa mara 12, hiyo ni GB 18. Kwenye laini inayotoa Mbps 10 za kweli, kila mzunguko unakula dakika 20 za kupakua, jumla saa 4. Vifurushi hivyohivyo vikitoka kwenye seva iliyo chumbani, kupitia swichi ya Mbps 100, ni dakika 2.

Hapo watetezi huwa wameshashinda mioyoni mwao. Ila dakika hizo ni za kupakua tu. Kufungua vifurushi, kuvisanidi na kuibana imeji mwishoni ni kazi ya prosesa na diski, na akiba haiigusi. Mwenye fiber isiyo na kikomo mjini ataokoa muda, lakini si wa kujivunia.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi: kwa nini ujenge mara 12? Tengeneza mashine moja, irekebishe mpaka ikae sawa, kisha inakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwenda 19 zilizobaki. Kwa maabara moja isiyobadilika, hilo linatosha kabisa, mradi ukumbuke kumwaga yaliyomo kwenye /etc/machine-id, yaani utambulisho wa mashine, na kufuta funguo za SSH (za kuingia kwa mbali) za mashine ya kwanza kabla ya kunakili. Usipofanya hivyo, kompyuta 20 zitajitambulisha kama moja, na baadhi zinaweza kuanza kugombania anwani moja ya IP. Udhaifu wa njia hii huonekana baadaye. Marekebisho ya mkono hayaandikwi popote, na fundi akihamia Iringa ameondoka nayo. Halafu kuna masasisho: kila mashine ikivuta MB 300 peke yake, 20 zinavuta GB 6, zikipitia akiba, MB 300 zinaingia mara moja. Kwa maoni yetu hapa ndipo akiba inapojilipa, hata kwa aliyejenga imeji mara moja tu.

Kuiweka si kazi. Chukua kompyuta ya zamani yenye SSD, sakinisha apt-cacher-ng, programu ya akiba ya vifurushi, nayo itasikiliza kwenye poti 3142 na kuhifadhi mafaili ndani ya /var/cache/apt-cacher-ng. Ukijenga kwa debootstrap, programu inayosakinisha Debian ndani ya folda, unaitaja hivi:

http_proxy=http://192.168.1.10:3142 debootstrap bookworm /mnt/imeji http://deb.debian.org/debian

Kwenye pi-gen, ile ya kujengea Raspberry Pi OS, kuna APT_PROXY. Kwenye live-build, chombo kingine cha kujenga imeji, kuna --apt-http-proxy. Squid, proksi ya matumizi ya jumla, nayo inaweza, lakini mipangilio yake ya mwanzo haihifadhi kitu diskini, na kikomo cha faili moja ni MB 4. LibreOffice na kerneli, vile hasa vinavyokula bando, vinavuka kikomo hicho. Ongeza maximum_object_size, na mstari huo uje kabla ya cache_dir.

Kosa linalouma kuliko yote hutokea kimyakimya. Wengine hawatumii http_proxy. Wanabandika seva ndani ya anwani yenyewe: http://192.168.1.10:3142/deb.debian.org/debian. Inafanya kazi, ila debootstrap huandika anwani uliyoipa ndani ya sources.list ya imeji, faili linaloonyesha vifurushi vinatoka wapi. Imeji inasafiri hadi shule ya Tukuyu, ambako hakuna 192.168.1.10 yenye huduma hiyo, na apt, programu inayovuta vifurushi, ikiambiwa apt update inasubiri mpaka inakata tamaa. Wa kule watalaumu mtandao wao. Ndivyo ilivyo pia kwa mstari wa Acquire::http::Proxy uliosahaulika kwenye apt.conf.d. Kabla ya kuibana imeji, endesha grep -r 3142 /mnt/imeji/etc/apt. Isitoe kitu.

Je, seva ya katikati inaweza kupenyeza programu mbovu? Si kirahisi. Faili la InRelease limesainiwa na Debian, lina alama za SHA256 za orodha ya vifurushi, na orodha ina alama ya kila .deb. Seva ikibadilisha hata baiti moja, apt inakataa. Ndiyo maana HTTP ya kawaida inatosha. Tena HTTPS ndiyo inayoleta shida: proksi haioni ndani yake, kwa hiyo apt-cacher-ng huikataa kwa kosa la 403, au ukiiruhusu kwa PassThroughPattern inapita bila kuhifadhiwa. Hazina (seva za vifurushi) za HTTPS pekee huandikwa http://HTTPS/// zikifuatiwa na anwani, ili seva ndiyo ifungue HTTPS upande wa pili.

Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, na Novemba hadi Aprili radi za huku hazipigi hodi, faili linaweza kubaki nusu. Kila mashine itapewa nusu hiyo na kulia "Hash Sum mismatch". Kurudia hakusaidii, fungua acng-report.html kwenye poti ileile, kagua mafaili kwa alama zake na ufute yaliyoharibika. Seva ikiwa Raspberry Pi 4 au ya nyuma yake, kumbuka haina saa yenye betri: ikiwaka bila intaneti, saa yake iko nyuma, na apt ukiiendesha hapo itasema Release "is not valid yet".

Tunasema akiba haiozi. Hii inaoza. Vifurushi visivyotajwa tena kwenye orodha hufutwa baada ya siku zilizopangwa kwenye ExThreshold, ambazo kwa kawaida ni 4. Anayetaka imeji ya leo ijengwe vilevile mwakani asiitegemee. Aelekeze ujenzi kwenye snapshot.debian.org, kumbukumbu ya hazina za zamani, kwa tarehe anayoitaka. Mpangilio wa Offlinemode wa apt-cacher-ng utakuwezesha kujenga bando likiisha, lakini kwa vile tu vilivyokwishapita hapo.

Kuna wanaotaka kunakili hazina nzima. Kwa amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64) peke yake ni mamia ya GB, na nyingi hutazigusa maishani. Chuo chenye fiber kinaweza kuivuta usiku. Anayenunua bando asijaribu. Kwa shule za Makete, ambako kwenye masika gari lenyewe hufika kwa kubahatisha, ni afadhali kupeleka diski yenye hazina ndogo ya vifurushi vinavyohitajika, ikiwa imesainiwa kwa ufunguo wenu. Mkinakili humo masasisho ya usalama pamoja na Release yake ya awali, fahamuni kuwa ina Valid-Until, yaani tarehe ya kuisha uhalali, ya siku chache tu mbele: diski ikichelewa njiani wiki mbili, apt itaikataa hata kama kila faili ni zima.