Hoja ya George Will kuhusu deni la Marekani

George Will, ambaye amekuwa akiandika safu katika gazeti la Washington Post tangu 1974, hudhaniwa na wengi kuwa mhafidhina asiye na huruma kwa wanyonge, kwa kuwa hachoki kulalamikia matumizi ya serikali ya Marekani. Naamini anasomwa vibaya. Kiini cha lalamiko lake si nani anastahili kusaidiwa, bali nani anabebeshwa gharama. Kwa miaka mingi ameshikilia kwamba vyama vya Republican na Democratic, vinavyogombana kuhusu karibu kila kitu, vimeafikiana juu ya jambo moja: kuwapa wapigakura wa leo huduma nyingi kuliko kodi wanayotozwa, na kuwaachia salio watu ambao bado hawajafikia umri wa kupiga kura, au hawajazaliwa kabisa.

Hesabu zinamuunga mkono. Katika mwaka wa fedha wa 2024, ulioishia Septemba 30, serikali kuu ilitumia takriban dola trilioni 6.8 na kukusanya takriban trilioni 4.9. Kwa huduma ya kila dola 100, Wamarekani walichangia dola 72 hivi, zilizobaki zilikopwa. Mwaka huohuo riba ya deni peke yake ilifikia takriban dola bilioni 880, kiasi kilichozidi matumizi ya ulinzi ya taifa lenye jeshi la gharama kubwa kuliko yote duniani. Hizo ni dola bilioni 2.4 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, nazo hazijengi daraja, hazimtibu mgonjwa, wala hazimlipi mwalimu. Bajeti ya ulinzi Bunge linaweza kuipunguza kwa kura, lakini riba hailetwi mezani ijadiliwe. Hati fungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, zilizouzwa wakati riba ilipokuwa karibu na sifuri zinafikia sasa siku ya kulipwa, na fedha za kuzilipa hukopwa upya kwa viwango vilivyopanda tangu 2022, kiasi kwamba hata kama serikali isingeongeza programu yoyote, fungu hili lingeendelea kukua. Hapa ndipo ninapoona wapinzani wa Will wanakosea. Anayependa serikali yenye kuwajali maskini ndiye angepaswa kuogopa zaidi, kwa sababu kila mwaka riba inachukua nafasi ambayo ingekuwa ya shule na hospitali.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Serikali inayokopa kwa sarafu yake yenyewe haifanani na familia yenye deni dukani. Mwaka 1946, baada ya vita, deni la Marekani lililo mikononi mwa wawekezaji lilikuwa takriban asilimia 106 ya pato la taifa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeshuka hadi karibu robo, kwa kuwa uchumi ulikua kwa kasi kuliko deni. Tena, kukopa kumeokoa maisha: unafuu wa kodi kwa wazazi ulipopanuliwa mwaka 2021, kiwango cha umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu pia misaada ya serikali, kilishuka hadi asilimia 5.2, na ulipokwisha, mwaka uliofuata kikapanda hadi 12.4. Mhafidhina yeyote anayeandika kuhusu haki ya vizazi vijavyo anawajibika kuzijibu takwimu hizo, maana watoto hao ndio kizazi kijacho chenyewe.

Hata hivyo, mfano wa 1946 unasaidia kidogo kuliko unavyodhaniwa. Vita vilikwisha na matumizi yake yakakoma. Leo kinachosukuma deni, pamoja na riba, ni pensheni na matibabu ya wazee, mambo yasiyo na siku ya kukoma katika jamii inayozeeka. Nakisi ya 2024, yaani pengo kati ya matumizi na mapato, ilizidi asilimia 6 ya pato la taifa wakati ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 4 tu. Hata wanaoitetea serikali kukopa wakati wa mdororo hutarajia ipunguze kukopa uchumi unapokuwa imara, na Marekani mara ya mwisho ilipata ziada ya bajeti mwaka 2001.

Will, aliyejitoa Republican mwaka 2016, hakiachii chama hicho mwanya wa kujisafisha. Julai 2025 chama hicho kilipitisha sheria ya kodi ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, siku chache tu baada ya USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, kufungwa kwa jina la kubana matumizi. Misaada yote ya nje ilikuwa takriban asilimia 1 ya bajeti. Wagonjwa waliotegemea kliniki za UKIMWI zilizofadhiliwa na misaada hiyo nchini Kenya, Tanzania na Uganda hawapigi kura Marekani, kama wasivyopiga watoto watakaolipa deni, na sioni kuwa ni bahati mbaya kwamba mzigo uliwaangukia wao.

Ripoti ya 2025 ya wadhamini wa mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani ilikadiria kwamba akiba yake itakwisha mwaka 2033, na kwamba bila sheria mpya mafao yatapungua kwa karibu robo. Katika kampeni za 2024, wagombea urais Trump na Harris wote waliahidi kutoyagusa mafao hayo. Maseneta watakaochaguliwa Novemba 2028 watakuwa bado ofisini mwaka 2033 utakapofika, na wanaowania viti hivyo wanaweza kuulizwa tangu sasa ni kodi ipi wataongeza au ni fao lipi watapunguza.