Kifuniko Kimoja, Mara Tatu kwa Siku

Wanywaji wengi wa Nairobi huamini kwamba kuchanganya wiski mbili katika chupa moja ni hila ya mwenye baa asiyemcha Mungu, na nimechoka kuwaeleza kwamba sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti wanayoinunua kwa heshima zote imekwisha kuchanganywa kabla haijapakiwa melini. John Walker, ambaye jina lake limepangwa rafuni katika maduka ya vileo kuanzia River Road hadi Rongai, alikuwa muuza vyakula aliyeanza duka lake mjini Kilmarnock mwaka 1820, wala hakuwa na mtambo wowote wa kukeneka, yaani wa kuchemsha kileo na kukusanya mvuke wake. Wenye maduka wa zama hizo walizoea kuchanganya majani ya chai ili ladha isibadilike kila shehena inapobadilika, na hatimaye wakaifanyia wiski vivyo hivyo. Sisi ambao chai yetu ya Kericho na Nandi hununuliwa mnadani Mombasa, kisha ikaenda kuchanganywa na chai za watu wengine ng'ambo, ndio tungekuwa wa mwisho kushangaa.

Hayo niliyaeleza kwa kirefu mezani kwetu Donholm, na mke wangu akauliza kama nilikuwa nimemaliza ili aondoe sahani.

Sikuwa nimemaliza, kwa kuwa jambo lenyewe lina utamu wake. Kuna wiski ya kimea, inayotokana na shayiri iliyooteshwa, nayo hukenekwa fungu kwa fungu katika mitungi mikubwa ya shaba. Kuna pia wiski ya nafaka, ambayo hutoka zaidi kwa ngano au mahindi, tena bila kusimama, katika mtambo wa minara ambao Aeneas Coffey aliupatia hataza mwaka 1830. Coffey huyo alikuwa ametumikia idara ya ushuru nchini Ireland kwa miaka mingi kabla ya kugeukia mitambo, na kila ninapomkumbuka huwatazama maafisa wetu wa kodi kwa jicho jipya, nikijiuliza ni wangapi kati yao hurudi nyumbani jioni wakachora minara. Ya kimea ina tabia nyingi na bei kubwa, ya nafaka ni pole na rahisi, na kuanzia mwaka 1860 sheria ya Uingereza iliruhusu zikutanishwe ghalani kabla ya kutozwa ushuru. Huo ndio msingi wa takribani kila chupa inayofunguliwa katika harusi zetu.

Basi mimi nilikuwa na chupa tatu zilizofikia kiunoni. Moja ilikuwa ya mchanganyiko wa kawaida, isiyo na kosa wala sifa. Ya pili ilikuwa ya kimea kutoka eneo la Speyside huko Uskoti, tamu, yenye asali na tufaha ndani yake, nayo niliinunua baada ya bonasi na kuificha bei yake kama siri ya serikali. Ya tatu ilitoka kisiwa cha Islay, na binamu yangu ndiye aliyeileta kutoka duka la uwanja wa ndege akidhani amenipendelea. Huko Islay shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji, yaani udongo mweusi wa vinamasi uliokatwa vipande na kuanikwa, na moshi huo huacha ndani ya kimea kemikali ziitwazo fenoli, zenye harufu ya aidini, bandeji na wodi iliyopigwa deki alfajiri. Wageni wangu wote waliionja mara moja tu. Shemeji yangu alirudisha glasi yake mezani, akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Shabaha yangu ilikuwa kuifanya ile ya kawaida isimame wima kwa msaada wa ile tamu, kisha moshi wa Islay upite kwa mbali kama jirani anayechoma mahindi ng'ambo ya ukuta. Nilinunua bomba za sindano zisizo na ncha katika duka la dawa la mtaani, ambapo binti aliyeniuzia aliniuliza umri wa mtoto, nikamjibu kwamba mdogo ana miaka kumi na miwili, na hilo kwa bahati mbaya lilikuwa jibu la swali jingine kabisa, la umri wa wiski. Utaratibu ni kuanza kwa kiasi kidogo mno, mililita chache katika glasi yenye mdomo mwembamba, na kunusa kabla ya kunywa. Wachanganyaji wa kazi huzimua kwa maji hadi karibu asilimia 20 ya kileo na kuitegemea pua kuliko ulimi, kwa sababu kileo kikali huzima harufu nyingine, na kwa sababu mtu anayeonja kwa kumeza hufika mahali kila mchanganyiko ukawa bora kuliko uliotangulia. Nilipima, nikaandika, nikamwaga. Ile ya Islay inahitaji kuhesabiwa kwa matone, kwani ukimimina kwa mkono wa ukarimu huiteka glasi nzima na nyingine zote zikanyamaza.

Mke wangu alipita jikoni, akaziona bomba zimepangwa juu ya taulo jeupe.

"Baba Imani," akasema, "ukimaliza kuchanja kuku, unioshee sinki."

Hatimaye niliupata. Ulikuwa kipimo kimoja cha ile ya kawaida kwa vipimo vitatu vya Speyside, na juu yake mililita 30 za Islay kwa chupa nzima. Mwanzoni ulikuwa na tufaha, katikati ukawa na kitu kinachokaribia mkate wa siagi, kisha moshi ukaja taratibu na kuiachia asali neno la mwisho. Nakuambieni, nilikaa kitini nikajiheshimu. Niliuzimua kidogo kwa maji ya chupa, nikautia katika chupa ya kahawia iliyowahi kuwa na sharubati, kwa kuwa mwanga huharibu rangi na ladha, nikauhifadhi katika lile kabati la ukumbini lenye giza ili wiski zizoeane. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi ilifanya ile inayofanya kwa wiski isiyochujwa kwa ubaridi ikizimuliwa chini ya asilimia 46 hivi: ilitia ukungu mwepesi, jambo lisilodhuru chochote. Juu ya chupa nilibandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: "1 × 3. TIKISA. WEKA MBALI NA WATOTO."

Yeyote aliyewahi kupewa bahasha ya vidonge katika zahanati yoyote ya Kenya anajua "1 × 3" husomwaje. Naomba pia ieleweke kwamba kabati hilo ndilo lililokuwa na giza kuliko yote, na kwamba uamuzi wa kuweka humo dawa za familia haukuwa wangu.

Mama mkwe akaja kutoka Nyeri kututembelea. Ni mwanamke ninayemheshimu na kumwogopa kwa kiwango kimoja. Kanisani kwao ndiye mwenye sauti ya mwisho, na zamani aliwahi kuwaongoza akina mama wenzake kumwaga chang'aa ya kijiji kizima mtoni huku wakiimba. Tangu siku ya mahari mbele yake mimi hunywa soda, nayo ni soda ya machungwa. Magoti yake husumbuka wakati wa baridi, na jioni aliyofika alilalamika, mke wangu akamwambia achukue dawa ya kuchua kabatini. Mimi nilikuwa sebuleni nikitazama taarifa ya habari, sikusikia.

Katika siku zilizofuata nilimwona Mama akiendelea vizuri. Alipanda ngazi bila kushika ukuta. Alicheka mambo ya televisheni ambayo kwa kawaida huyakemea. Nyumba nzima ilikuwa na harufu fulani ya moshi, nami nikadhani ni jiko la mkaa la jirani, nikafurahi jinsi lilivyofanana na kazi yangu.

Jumapili tuliondoka saa mbili asubuhi kwenda ibadani, Mama akiwa kiti cha nyuma na Imani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Kabla hatujafika mbali nilianza kunusa tufaha, kisha mkate wa siagi, na nikawa bado najiuliza kama akili imeanza kunitoka niliposimamishwa na polisi wa barabarani waliokuwa wakiwatafuta madereva wa jana usiku. Nilishusha kioo. Afisa aliinama, akavuta pumzi, na uso wake ukajaa faraja ya mtu aliyefikia lengo la siku mapema.

"Puliza," akasema, akininyooshea alkoblo.

Nikapuliza. Ikasoma sifuri. Aliitazama, akaigonga kiganjani, akabadilisha kimrija, nikapuliza tena, ikasoma sifuri tena. Akaingiza kichwa chote dirishani, kama daktari anayetafuta mahali maumivu yalipo, hadi macho yake yakamfikia mama mkwe wangu, aliyeketi wima na kofia ya kanisa na Biblia mapajani.

"Shikamoo, Mama. Umekunywa chochote leo?"

"Chai," akajibu Mama. "Unachonusa ni dawa ya magoti, kijana wangu."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya kahawia ninayoijua kuliko ninavyoijua nambari ya kitambulisho changu. Ilikuwa imebaki robo. Afisa aliisoma karatasi kwa sauti, akazibua kifuniko, akanusa, akafumba macho. Alipoyafumbua, alinitazama mimi.

"Dawa hii mmeinunua wapi?"

"Haikununuliwa," Mama akasema kwa fahari ambayo hajawahi kuwa nayo juu yangu tangu aniozeshe binti yake. "Mkwe wangu ndiye anayeitengeneza nyumbani."

Hapo nilijikuta natakiwa kumweleza afisa wa sheria tofauti iliyopo kati ya kukeneka, ambako bila leseni ni kosa, na kukutanisha vitu vilivyonunuliwa dukani kwa risiti na stempu za ushuru, na kuyaeleza hayo yote bila kulitaja neno wiski mbele ya mama mkwe. Nilisema kwamba viungo vyote ni halali. Nilisema ni vya kigeni. Nilisema vimekaa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua mitatu, kama sheria ya kule vinakotoka inavyoagiza. Mke wangu, ambaye alikuwa ameelewa kila kitu tangu kifuniko kizibuliwe, aligeuka dirishani na mabega yake yakaanza kutikisika.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha chupa mikononi mwa Mama kwa adabu kubwa, akaniambia niendeshe polepole, kisha akainama tena na kuuliza kwa sauti ya chini kama hicho cha moshi ni kingi au ni kidogo. Nikamwambia ni mililita 30. Akatikisa kichwa kama mtu anayehifadhi jambo.

Ibadani hapakuwa na la kueleza, ila safu yetu ilibaki na nafasi nyingi. Kileo huruka upesi juu ya ngozi yenye joto, lakini fenoli ni nzito na hukawia, kwa hiyo hadi mahubiri yanakwisha magoti ya Mama yalikuwa Islay tupu.

Usiku mke wangu alinikataza kusema ukweli. Aliuliza ningeanzaje: ningemwambia mzazi wake kwamba amekwenda madhabahuni amejipaka wiski, au kwamba mume wa binti yake si mtu wa soda? Nilinyamaza, nikafanya hesabu. Magoti mawili, hata yawe makubwa namna gani, hayawezi kumaliza robo tatu ya chupa kwa muda mfupi kama ule. Lakini nilidhani labda amemchua na jirani wa ghorofa ya chini. Mama alirudi Nyeri na robo iliyobaki.

Haukupita muda akatuma chupa tupu kwa matatu, imefungwa kwa kanga, pamoja na gunia la viazi na ombi la dawa nyingine. Speyside ilikuwa imekwisha, na bonasi ilikuwa mbali. Nilifikiri kwamba kwa kazi ya kuchua hakuna atakayetambua, nikajaza ile ya kawaida, nikamalizia na Islay yote iliyobaki, nikaandika karatasi ileile na kuipeleka steji.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia.

"Baba Imani, mwanangu, nashukuru, mzigo umefika," Mama akasema, kisha akakohoa kidogo. "Ila hii ya sasa umezidisha moshi. Ile ya kwanza ilikuwa na asali mwishoni."