Roboti huja pale mtu anapokuwa ghali

Tangu niwatumie picha ya kile kiroboti cha dukani, wadogo zangu wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hawana swali jingine: sisi zitatufikia lini? Wanauliza kana kwamba roboti ni lami, inayosogea kilomita kwa kilomita hadi ifike kwenu. Mimi naona haziendi hivyo.

Hapa Milton Keynes, Uingereza, roboti za kampuni ya Starship zinabeba bidhaa za madukani tangu 2018. Ni kisanduku cheupe chenye magurudumu sita, hakifiki kiunoni, na juu kina kibendera ili wenye magari wakione. Kinatembea mwendo wa mtu mwenye haraka. Kikifika kwenye kivuko kinasimama, kinasogea kidogo, kinarudi nyuma, kinasubiri tena, mpaka unatamani kukivusha mwenyewe. Mteja anafungua kifuniko kwa simu, anatoa maziwa na mkate, nacho kinageuka na kuondoka. Mji wenyewe unakibeba: una mamia ya kilomita za njia nyekundu za waenda kwa miguu na baiskeli, zilizotengwa na barabara za magari. Hakuna boda inayopanda humo kukwepa foleni, hakuna mama aliyetandaza nyanya. Kilete Busia saa kumi jioni, malori yakiwa yamejipanga mpakani, uone kama kitamaliza hatua mia.

Kukizoea ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mwanzoni nilikuwa nakipiga picha, sasa nakipisha tu. Kikikwama kwenye theluji, watu wasiosalimiana hata wakikaa kiti kimoja kwenye basi huinama kukisukuma. Mimi nawasalimia majirani kila asubuhi na bado kuna wanaoshtuka. (Nakiri linanikera kidogo, kisanduku kupendwa kuliko mimi.)

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao amepita miaka themanini, watoto wako miji mingine, na karibu kila siku anaagiza kitu, pengine ndizi mbili tu. Kikifika mlangoni anakiambia asante. Kwetu ndizi mbili angetumwa mtoto, wake au wa jirani, na huyo mtoto asingeondoka kabla ya kuulizwa mama yake ameamkaje. Sisemi wazee wetu wanaishi vizuri zaidi. Nawajua bibi wanaolea wajukuu bila senti ya pensheni, na huyu mzee wangu sijaona hata siku moja amekosa dawa. Lakini ukitaka kujua kwa nini roboti iko hapa, simama mlangoni pake: mtoto wa kutumwa hayupo, na mtu mzima wa kutumwa ni ghali.

Ghali kiasi gani? Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Uganda, kwa sheria, kilichowekwa 1984 hakijabadilishwa: shilingi 6,000. Kwa mwezi, jamani. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Najua hakuna mtu anayekubali kufanya kazi kwa pesa hiyo leo, lakini tajiri wa Busia anajua hakuna sheria ya maana inayomshika. Atanunuaje mashine ya mamilioni wakati vijana wa kubeba mzigo wamesimama langoni pake tangu alfajiri? Sensa ya 2024 ilituhesabu milioni 45.9, na wengi wetu ni watoto na vijana. Upungufu wetu ni wa kazi, watu wapo.

Pale ambapo mtu hafiki, mashine imeshafika bila kelele. Kalangala ni visiwa 84, na ziwa likichafuka mashua hazitoki. Mwaka 2021 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilianza kupeleka dawa za ARV huko kwa droni. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Hizi mashine zinazoitwa za kujiendesha zina watu nyuma yake. Kiroboti kikishindwa kuvuka, mtu aliye mbali anakiongoza kupitia kamera. Na kabla mashine yoyote haijajua kutofautisha mti na mtoto, kuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akichora visanduku kwenye maelfu ya picha: hili gari, huyu mtu, hii taa. Kazi hiyo inafanywa Gulu pia, na vijana wetu waliosoma. Kwa hiyo anayeuliza roboti zitatufikia lini amechelewa, maana tumeshaajiriwa nazo, tena upande usiopigwa picha. Badala ya kuuliza zinakuja lini, wadogo zangu wangeuliza aliyezifundisha kuona analipwa nini.

Kuhusu Busia yenyewe, wabebaji ninaowafikiria ni wale wenye ulemavu, wanaovusha mizigo kati ya Uganda na Kenya kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mtu anazungusha pedali kwa mikono, mafuta ya kupikia na magunia yamepanda hadi kisogoni, na kijana anasukuma kwa nyuma pakiwa na mwinuko. Siku ya mvua ni mateso. Kisanduku cha Milton Keynes kinabeba takriban kilo kumi, wao wangecheka. Wakiletewa roboti wamepoteza riziki. Wakifungiwa mota, wamepumzisha mabega na riziki imebaki kwao. Boda za umeme zinazunguka Kampala, betri zinabadilishwa njiani kama kununua soda, kwa hiyo ufundi tunao. Fundi wa Jinja au Tororo anayejua gharama ya kufunga mota na betri kwenye baiskeli moja ya aina hiyo aniandikie bei ya kweli, siyo bei ya mtu wa ulaya. Ya kwanza nitachangia mimi, na baiskeli iandikwe jina la mwenyewe, siyo la tajiri.