Thole sio "vumilia" tu

Kuna neno la Kiskoti limenikaa kichwani mwezi mzima sasa, thole, unalitamka kwa th ile ya thelathini, na kila nikiona mtu amelitafsiri "vumilia" afu akaendelea na safari yake naumia kidogo, manake nikiangalia lilivyotumika zamani naona tunalipunja.

Kiskoti nachosema hapa ni lugha ya nyanda za chini za Scotland, ndugu wa damu wa Kiingereza, sio Kigaeli ambacho ni lugha nyingine kabisa. Thole imetoka Kiingereza cha Kale, tholian, Waingereza wengi wakaliacha njiani ila kaskazini mwa Uingereza na Scotland wakabaki nalo, na Waskoti waliohamia Ulster, Ireland, miaka ya 1600 wakaenda nalo. Mpaka leo jino likikuuma usiku kucha unathole, bosi akiwa mkorofi unathole. Robert Burns, mshairi wa Scotland, mwaka 1785 alimwandikia shairi panya aliyevunjiwa kiota na jembe, baridi ikiwa imeshaingia, na panya yule kukaa nje kwenye mvua ya barafu bila nyumba Burns anaita hivyohivyo, kuthole. Hapo sina ugomvi, vumilia inatosha.

Ila rudi nyuma sasa, kabla ya 1700. Kuna kamusi ya Kiskoti cha zamani, juzuu 12, ilianza kutoka 1931 ikaja kumalizika 2002 (watu wameanza kazi wakijua hawataiona ikiisha, mi nawaheshimu sana watu wa hivyo) na siku hizi iko mtandaoni bure. Mle ndani thole ni neno zito. Adhabu unaithole, yaani unaitumikia. Kifo nacho, waandishi wa dini walisema Kristo alithole mauti, na hawamaanishi alikuwa mpole tu, wanamaanisha kilimpata akakipitia chote. Afu ghafla unakutana na maana nyingine ambayo hukuitegemea, kuruhusu! Mwenye mamlaka anamthole mtu apite, yaani anamwacha apite. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Baadaye nikakumbuka Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale ambapo kwetu Yesu anasema waacheni watoto wadogo, wao wameandika suffer, neno lilelile la kuteseka. Njia ni moja, anayeruhusu ni mtu aliyekubali kukaa na kitu ambacho angeweza kukizuia.

Na chini kabisa ya yote haya kuna kubeba. Wanaisimu wanaweka thole ukoo mmoja na tolerare ya Kilatini na jina la Atlas, yule wa hadithi za Kigiriki aliyebebeshwa mbingu mabegani. Hapo nilifunga simu nikakaa kimya, kwa sababu stahimili yetu imetoka Kiarabu, mzizi wake ni hamala, kubeba, ndo huohuo uliotupa hamali na himila. Yani Mskoti na Mwarabu bila kuulizana kila mmoja amemtazama mtu mwenye shida akamwona mchukuzi, na sisi tumerithi picha hiyo tunaitumia kila siku hata hatuioni! Kwa hiyo mi ningetafsiri himili au stahimili kwanza, vumilia ije nyuma. Waskoti wana msemo, kazi ambayo haijakaa vizuri wanasema inaweza kuthole marekebisho, weka himili hapo uone inavyokaa, vumilia inagoma.

Lakini kilichonishika kweli ni mahakamani. Scotland kesi nzito zinaamuliwa na raia 15, na kuanzia zamani mtu akishasimama mbele yao mpaka uamuzi ukatoka wanasema ameithole kesi yake, basi, serikali haiwezi kumrudisha kwa kosa lilelile. Mawakili wa huko bado wanatamka neno hilohilo. Nalipenda hilo kuliko ninavyoweza kueleza, mzigo wenye mwisho, umeubeba mara moja hakuna wa kukutwisha tena. Sisi vumilia yetu huwa haina tarehe, anaambiwa mwanamke anayepigwa, anaambiwa kijana ambaye hajalipwa mshahara miezi minne, na hakuna anayesema mpaka lini.

Sasa kuna kesi imenifanya nifikirie upya. Oktoba 1977 wasichana wawili wa miaka 17 walionekana mara ya mwisho kwenye baa ya World's End, Edinburgh, kesho yake wakakutwa wameuawa. Mwaka 2007 Angus Sinclair akapandishwa kizimbani kwa mauaji hayo, jaji akaona ushahidi hautoshi, kesi ikaishia pale. Kwa sheria ya zamani alikuwa ameshathole, hakuna la kufanya tena. Bunge la Scotland likaja na sheria mwaka 2011 kwamba ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu kwa makosa mazito mtu anaweza kurudishwa, na 2014 Sinclair akarudishwa, akakutwa na hatia.

Mi naunga mkono sheria ile na wala sioni kama imelivunja lile neno. Mshtakiwa alikuwa amewekewa mwisho wa mzigo wake, familia za wale mabinti hazikuwekewa. Hukumu ilisema ni kifungo cha maisha na asifikiriwe kutoka kabla ya miaka 37. Kuanzia 1977 mpaka siku ile ilikuwa imepita miaka 37.