Chemchemi ya Blaubeuren na pango la Mangapwani

Kwa miaka 11 sasa ninaishi Ulm, kusini mwa Ujerumani, na kila majira ya machipuko mimi na binti yangu hupanda treni hadi Blaubeuren, tukakwea mlima mpaka kwenye magofu ya ngome ya Rusenschloss, kisha tukateremka kwa njia ya msituni hadi kwenye chemchemi iitwayo Blautopf. Ni shimo lenye kina cha mita 21 hivi, na maji yake yana rangi ya buluu iliyokolea hata watu wa kale wakaamini kwamba kila siku humiminwa pipa zima la wino ndani yake. Kinacholeta rangi hiyo ni chembe ndogo mno za chokaa zinazotawanya mwanga majini. Mvua kubwa ikinyesha, buluu hupotea na maji yakageuka kijani au tope. Wenyeji walisema pia kwamba shimo halina mwisho, kwa kuwa kila walipoteremsha kipande cha risasi kwa kamba ili kupima kina, jini wa kike aliyekaa chini alikinyakua. Simulizi la jini huyo lilichapishwa mwaka 1853, na leo sanamu yake imesimama kando ya maji.

Wivu wangu hauko kwenye usafi wa njia wala vibao vyake. Wivu wangu ni kwamba watoto tunaowakuta pale husimuliana habari za jini yule kwa lugha yao wenyewe, huku wameinama ukingoni wakitafuta nywele zake majini. Mwaka juzi binti yangu aliniuliza, mbele ya maji yale yale, kama na sisi kwetu tuna maji yenye hadithi. Nilimjibu kuwa tunayo, na likizo iliyofuata nikampeleka Mangapwani.

Mangapwani iko kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji wa Unguja. Tulishuka kwenye daladala barabarani, tukaingia njia ya miguu kati ya minazi na migomba, mpaka tukafika kwenye pango la mawe ya matumbawe ambalo chini kabisa lina bwawa la maji yasiyo na chumvi, ingawa bahari iko karibu. Kijana aliyetuongoza alianza kutusimulia kwa Kiingereza. Simlaumu, maana wageni ndio wanaomlisha, lakini moyo uliniuma kuona mtoto wa Kizanzibari akielezwa habari za pango la kwao kwa lugha ya kupita. Nilimwomba aanze upya kwa Kiswahili, naye akasimulia vizuri mno, kwa sauti nyingine kabisa, kama aliyeisikia hadithi ile barazani tangu utotoni.

Hadithi yenyewe ni kwamba mbuzi alitumbukia shimoni, na kijana mtumwa aliyekuwa akimchunga akaufuata mlio wake gizani mpaka akayakuta maji, ambayo tangu hapo yalitumiwa na watu wa shamba zima. Mwenye shamba, simulizi linasema, aliitwa Hamed Salim el-Harthy. Kijana haitwi chochote.

Watu wengi huchanganya pango hili na chumba cha watumwa kilicho mbele zaidi, kama kilomita 2 kutoka hapo. Pango ni la asili. Chumba kilichongwa na binadamu ndani ya mwamba, ili kuwaficha watu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897, kwa hiyo hadithi ya mbuzi haiwezi kusimuliwa kama kichekesho cha watoto bila kumwambia mtoto kwa nini mchungaji yule hakuwa na hiari ya kutoufuata mlio. Kule Blaubeuren jini alilia, akacheka, hadithi ikaisha. Hapa kwetu aliyeteremka gizani alikuwa mtu.

Ndani ya pango, juu ya jiwe lililochomoza, tulikuta chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani, na kando yake kitambaa chekundu kilichofungwa fundo. Kule Ujerumani hakuna anayemwogopa jini tena. Huku bado kuna mtu aliyeshuka ngazi zile na shida yake, akaiweka mbele ya maji. Sisemi kwamba ni sawa au si sawa, ila naliheshimu pango kwa sababu hiyo pia.

Tulipotoka tulimkuta bibi mmoja akifunga mzigo wa kuni. Binti yangu alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza yule kijana wa mbuzi alikuwa akiitwa nani.

“Mtumwa yule, mjukuu wangu,” bibi alisema. “Nani alimwandika?”

Ndugu zangu mlioko Unguja, ambao nauli ya kufika Mangapwani haiwashindi, nendeni na watoto kabla wazee hawajatutoka. Muulizeni kila mzee wa kijiji, kwa Kiswahili, kila alichokisikia juu ya kijana yule, mkiandike kwenye daftari hata kama ni sentensi mbili. Sisi tulioko mbali tutakisoma.