Diski mbili, GRUB moja

Wiki iliyopita niliitwa kuitazama seva iliyogoma kuwaka baada ya diski yake ya kwanza kufa, na kabla sijatua hata begi, fundi aliyeifunga alinihakikishia kwamba data haina wasiwasi kwa kuwa waliweka RAID 1, yaani diski mbili zinazobeba nakala ileile. Kweli, data haikuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa imetulia kwenye diski ya pili, ila hakuna aliyeweza kuifikia, kwa sababu BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, ilidai kwamba haioni diski ya kuwashia mashine.

Diski kufa ni jambo la kawaida. Kinachoniudhi ni imani ya mafundi wetu kwamba mdadm, programu ya Linux inayoendesha RAID, hunakili kila kitu, ilhali katika mpangilio uliozoeleka zinazounganishwa ni patisheni, yaani vipande vya diski, wala si diski nzima. Kwenye mashine ya BIOS, GRUB, programu inayouamsha mfumo, huanzia katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, ambayo iko nje ya patisheni zote na kwa hiyo iko nje ya RAID. Ukiiweka kwenye sda (diski ya kwanza) peke yake, sdb (ya pili) itakuwa na kerneli (kiini cha mfumo), initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia) na mafaili yote ya ofisi, lakini haitakuwa na kitu cha kuyaamsha. Tena Debian, toleo la Linux, huuliza: dpkg-reconfigure grub-pc hukuletea orodha ya diski uchague zaidi ya moja. Fundi wetu alichagua moja, akaenda kunywa chai.

Nilimkuta ameshika flashi, tayari kusakinisha mfumo upya juu ya nakala pekee iliyosalia. Hapo sikuweza kutania. Flashi hiyohiyo ilitosha kwa tiba: tuliwasha mashine kwa mfumo wa muda, tukakusanya RAID kwa mdadm --assemble --scan, tukaipachika kwenye /mnt pamoja na /dev, /proc na /sys, tukaingia humo kwa chroot, kana kwamba mfumo wa seva ndio uliowaka, kisha tukaendesha grub-install kwenye diski iliyobaki, ambayo kwa kukosa mwenzake sasa ilijiita sda, na kumalizia kwa update-initramfs -u.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba UEFI, mrithi wa BIOS, nayo ina usumbufu wake, maana patisheni ya EFI kwa kawaida hukaa nje ya RAID na lazima uitengeneze kwenye kila diski.

Diski mpya ilipofika, tuliiwekea GRUB pia, tukasubiri /proc/mdstat ionyeshe [UU], yaani diski zote mbili ziko kazini, kisha nikamwomba fundi azime seva na kuichomoa ile diski ya zamani iliyosalia, nzima kabisa. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aung'oe mlango wa nyumba yake. Seva iliwaka kwa diski mpya peke yake, tukairudisha ya zamani kwa mdadm --add, na ndipo nilipotia saini karatasi yake ya kazi.