Tunalipima jani kwa kipimo kisicho chake

Aliyesoma baiolojia sekondari atalikumbuka jaribio la hidrila: kitawi cha mmea wa majini ndani ya bika, faneli ya kioo juu yake, na juu ya faneli mrija uliojaa maji. Ukiiweka dirishani penye jua, vipovu huanza kupanda kimoja kimoja kutoka kwenye kikonyo kilichokatwa. Tulivihesabu kwa dakika, tukaandika “oksijeni”, tukapata alama zetu. Kilichotupita ni kwamba kila kipovu kilitokana na maji yaliyopasuliwa bila moto, bila asidi kali, bila waya.

Kuiga kazi hiyo ili tupate haidrojeni ya kutumia kama nishati ni ndoto ya miaka mingi, na wanaoipinga wana hoja nzito. Mimea mingi ya shambani huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya nishati ya jua inayoiangukia, wakati paneli za kawaida za sola zinapita asilimia 20. Unganisha paneli hizo na mtambo wa kupasua maji kwa umeme, na zaidi ya asilimia 10 ya nishati ya jua inaishia kwenye haidrojeni. Kwa upande mwingine, watafiti wa Japani walipotandaza mita 100 za mraba za paneli zenye kichocheo kinachopasua maji moja kwa moja kwa mwanga, matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yalikuwa asilimia 0.76. Mitambo inayotumia nikeli kwenye maji yenye alkali nayo ipo kazini kwa miongo mingi. Basi jani tuliige la nini?

Takwimu hizo zote ni za kweli. Shida ni kwamba zinaliuliza jani swali la asilimia, na jani halikushinda kwa asilimia.

Tazama kinachofanya kazi mle ndani. Picha iliyotolewa na watafiti wa Japani mwaka 2011 ilionyesha kitovu kinachopasua maji ndani ya jani: atomu nne za manganizi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni zinazoziunganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa Pierre Joliot alivimulika vitovu vya namna hiyo kwa mimweko mifupi ya mwanga, akakuta mmweko wa kwanza na wa pili haitoi karibu chochote. Oksijeni inafumuka kwenye mmweko wa tatu, kwa kuwa hatua moja huwa imeshawekwa akiba, kisha kila baada ya minne. Kitovu kinaweka akiba, elektroni moja baada ya nyingine, mpaka hesabu ya nne itimie ndipo maji yaachie oksijeni.

Na kazi hiyo inakiunguza chenyewe. Kwenye jua kali, protini iitwayo D1, inayokishikilia kitovu hicho, hudumu kama nusu saa tu. Nusu saa! Mhandisi angekitupa kifaa cha namna hiyo. Jani halikitupi. Sehemu iliyoharibika husogezwa pembeni, D1 ya zamani hukatwakatwa, mpya huingizwa, protini nyingine nyingi hutumika tena, na manganizi hujipanga upya kwa msaada wa mwanga uleule uliosababisha uharibifu. Haya yanaendelea mchana kutwa, kwenye kila jani la mwembe unaokupa kivuli.

Hapo ndipo ninapoona wapinzani wanalikosea jani. Kasi tumeshaipata: mwaka 2012 kundi la Licheng Sun huko Sweden lilitengeneza molekuli yenye metali ya rutheniamu inayotoa oksijeni mara 300 kwa sekunde, kasi ya kulinganishwa na ya jani lenyewe. Lakini rutheniamu ni adimu, na molekuli za aina hiyo huchakaa zikiwa kazini. Kinachokosekana ni fundi wa kuzirudishia uhai.

Daniel Nocera na Matthew Kanan wa Marekani walilikaribia jambo hilo mwaka 2008. Kichocheo chao cha kobalti na fosfeti hujitengeneza: kobalti inayoyeyuka ndani ya maji hurudi kujibandika mahali pake maadamu umeme unapita. Haikuwa tiba kamili. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo iligeukia betri, ikanunuliwa na Lockheed Martin, kampuni ya silaha na ndege ya Marekani, mwaka 2014. Na kobalti, ambayo sehemu kubwa inachimbwa Kongo, tunajua inavyowagharimu watu wa Kolwezi, mji wa machimbo nchini humo.

Hata hivyo, mitambo ya kisasa inayopasua maji penye asidi inategemea iridiamu, madini ambayo dunia nzima inazalisha takriban tani 7 au 8 kwa mwaka. Manganizi iko tele. Leo ningejenga paneli na mitambo ya nikeli, sina ubishi. Lakini fedha za utafiti ningezielekeza kwenye kichocheo cha manganizi kinachoweza kuharibika saa nne asubuhi na kufikia saa tano kikawa kimeshajirekebisha, hata kama siku ya kwanza kitatoa asilimia 1.